Kelele za Ndege Huanzia Ardhini



Juma hili nawaalika tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtu wa Mbinga litaonekana la mbali: kelele za ndege. Najua wengine watatabasamu. Sisi tulio katika milima ya Umatengo, pamoja na ndugu zetu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tuna mahangaiko mengine: bei ya kahawa, mbolea, barabara za vijijini, nyavu zinazorudi tupu. Kwetu ndege ni kitu cha kutazamwa na watoto, kinachopita juu sana na kuacha mstari mweupe angani. Hata hivyo naamini kwamba wakati ufaao wa kuzungumza juu ya kelele ni pale zinapokuwa bado chache. Zikishaongezeka, yanayobaki ni malalamiko, kesi na fidia.

Wazo hili lilinijia mbali na nyumbani. Miaka michache iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kanisa, nikafikia kwa kaka yangu anayeishi Kiwalani, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Jioni mwanawe, mtoto wa darasa la nne, aliketi karibu nami akinisomea kwa sauti hadithi kutoka katika kitabu chake cha shule. Katikati ya sentensi akanyamaza. Ndege ikapita juu ya bati, bilauri zikatetemeka mezani, na hakuna aliyeinua kichwa. Ilipokwisha kupita, mtoto akaendelea kutoka neno lile lile alipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla ya kumaliza ukurasa alinyamaza mara tatu. Nilipomwuliza kwa nini anafanya hivyo, alinijibu kwa utulivu wa mtu mzima: “Baba mdogo, ukingoja inapita.”

Jibu hilo nimerudi nalo Mbinga na halijaniacha. Mtoto yule hakuwa akilalamika. Alikuwa amezoea, na mazoea yake ndiyo yaliyonisikitisha, kwa sababu mwili huendelea kulipa hata pale akili inapodhani kwamba imekwisha kuzoea.

Tunayo ushahidi wa hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1992 mji wa Munich nchini Ujerumani ulifunga uwanja wake wa zamani wa ndege, na tarehe hiyo ukafungua uwanja mpya mahali pengine. Wataalamu walikuwa wamejiandaa. Waliwapima watoto wa shule waliokuwa wakiishi karibu na uwanja wa zamani, na wale wa vijiji vilivyokuwa kimya ambako uwanja mpya ungejengwa. Kisha wakawapima tena baada ya mabadiliko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watoto walioondokewa na kelele waliongezeka uwezo wa kusoma na wa kukumbuka mambo waliyojifunza siku zilizotangulia, na watoto walioletewa kelele walipungukiwa na uwezo huo huo. Tuyatazame matokeo hayo kwa pande zote mbili. Yanatuambia kwamba kelele humwibia mtoto, na pia kwamba kilichoibwa chaweza kurudishwa ikiwa watu wazima watachukua hatua.

Kwa watu wazima, hasara kubwa hutokea usiku. Aliyelala masikio yake hayalali. Ndege inapopita, moyo huenda mbio na damu husukumwa kwa nguvu zaidi, hata kama mtu hakuamka wala hatakumbuka lolote asubuhi. Mambo hayo yakirudiwa usiku baada ya usiku kwa miaka mingi, huchangia shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za eneo la Ulaya, lilishauri kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima, na desibeli 40 kwa usiku. Kwa wale wasiokizoea kipimo hicho, desibeli hazihesabiwi kama kilo za kahawa. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huongezeka mara kumi, na sikio la kawaida huisikia kana kwamba imekuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo tofauti kati ya desibeli 45 na 65, ambayo kwenye karatasi huonekana ndogo, ni ya mara mia moja.

Viumbe wengine nao hawakusalimika. Watafiti waliochunguza misitu iliyo karibu na viwanja kadhaa vya Ulaya waliona kwamba ndege wa porini, wale wenye manyoya, huanza kuimba alfajiri mapema zaidi kuliko wenzao wa misitu ya mbali. Wanawahi kumaliza wimbo wao kabla injini hazijaanza kunguruma. Ndege wa porini huimba ili kutafuta mwenzi na kulinda eneo lake. Wimbo usiposikika, uzazi unavurugika. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka mtoto wa Kiwalani. Yeye hungoja ndege ipite, na ndege hao huwahi kabla haijafika. Wote wawili wamelazimika kuipangia sauti yao ratiba kwa kumtazama mwenye nguvu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alizitaja kelele miongoni mwa mambo yanayofanya miji mingi isiwe mahali pazuri pa kuishi, pamoja na moshi wenye sumu na vurugu ya usafiri. Sisi wasomaji wa Maandiko tunamkumbuka pia nabii Eliya pale mlimani Horebu, ambaye hakumkuta Mungu katika upepo mkuu, wala katika tetemeko, wala katika moto, akamtambua katika sauti ndogo ya utulivu. Sitarefusha mahubiri hapa. Nasema tu kwamba utulivu ni mahali ambapo mtu husikia: mwanafunzi humsikia mwalimu, mgonjwa humsikia daktari, mzee husikia pumzi yake mwenyewe. Anayeondoa utulivu wa jirani amemwondolea kitu, hata kama hakugusa mali yake.

Je, kelele hizi zaweza kupunguzwa? Zaweza, na zimepunguzwa sana. Ndege za miaka ya 1960 zilikuwa na injini nyembamba zilizotupa nyuma hewa kwa kasi kubwa mno. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza, James Lighthill, alikwisha kuonyesha kwamba kasi ya hewa hiyo ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kelele zake huongezeka takriban mara 256. Siri ya injini za leo imo humo: feni kubwa iliyo mbele husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo, na msukumo unabaki ule ule huku ngurumo ikipungua. Mwaka 1971 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake, liliweka kwa mara ya kwanza viwango vya kelele kwa ndege zinazoundwa, na tangu hapo viwango hivyo vimekazwa hatua kwa hatua.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba wahandisi watamaliza kazi yote. Ndege za pangaboi aina ya Q400, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzipokea mwaka 2016 na ambazo wasafiri wa Songea wanazifahamu, zina herufi Q katika jina lao. Herufi hiyo ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kimya, nayo inasifu mtambo unaopunguza mtikisiko na mvumo ndani ya chumba cha abiria. Abiria hakika anastahili utulivu, maana amelipa nauli. Lakini aliye chini, ambaye hakulipa nauli wala hatapanda ndege maisha yake yote, ni nani anayeufikiria utulivu wake?

Swali hilo ndilo linalonifikisha kwenye kiini cha tafakari yangu. Mwaka 2001 shirika hilo la kimataifa lilikubaliana na nchi wanachama juu ya njia nne za kupunguza kelele. Ya kwanza ni kuunda ndege zenye kelele chache. Ya pili ni kupanga matumizi ya ardhi inayozunguka viwanja. Ya tatu ni namna ya kurusha na kutua, kwa mfano ndege kushuka mfululizo injini zikiwa zimepunguzwa nguvu, badala ya kushuka kwa vituo na kunguruma tena na tena. Ya nne ni masharti na makatazo, kama yale ya Frankfurt, ambako tangu mwaka 2011 ndege za ratiba haziruki wala kutua kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri.

Katika hizo nne, ya kwanza imo mikononi mwa viwanda vya Marekani, Ulaya na kwingineko. Ya tatu na ya nne zinawahusu marubani, waongozaji wa ndege na mamlaka za nchi. Ya pili ndiyo pekee inayofika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, diwani, afisa ardhi, mwenye shamba na mnunuzi wa kiwanja. Ndiyo rahisi kuliko zote ikifanywa mapema, na ndiyo ghali kuliko zote ikicheleweshwa. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kelele za ndege huanzia ardhini. Ngurumo inatoka angani, lakini madhara yake yaliamuliwa siku ile nyumba ilipojengwa chini ya njia ya ndege na hakuna aliyesema neno.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Uwanja wa Dar es Salaam ulipojengwa katika miaka ya 1950, ulikuwa nje ya mji. Jengo la pili la abiria lilifunguliwa mwaka 1984, na la tatu mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote mji nao ulikuwa ukitembea kuelekea uwanjani: Kiwalani, Kipawa, Kipunguni, Ukonga. Waliojenga huko hawakuwa wakaidi. Walikuwa wafanyakazi, wachuuzi, vijana waliotoka mikoani, wakiwemo wa kwetu, waliotafuta kiwanja kinacholingana na mfuko wao. Ilipobainika kwamba uwanja unahitaji kupanuliwa, tathmini ya mali za wakazi ilifanyika mwaka 1997. Wengi wa Kipawa walilipwa na kuhama zaidi ya miaka kumi baadaye, na baadhi ya watu wa Kipunguni waliendelea kusubiri hadi miaka ya 2020. Kaeni na jambo hilo kidogo. Mtu ambaye nyumba yake imekwisha kuthaminiwa haezeki upya, hajengi choo kipya, hapandi mwembe. Anaishi katika chumba cha kungojea, na ndege zikipita juu yake.

Kukaribiana huko huleta hatari zaidi ya kelele. Tarehe 15 Aprili 2008, mjini Goma, Mashariki mwa Kongo, ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia yake na kuangukia mtaa wa Birere wenye soko na nyumba zilizobanana. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Ardhi ile ile ambayo ingeachwa wazi ili kupunguza kelele ndiyo ambayo ingeokoa maisha.

Sasa naomba niwapeleke mbali kidogo, halafu nitawarudisha Umatengo. Uwanja wa Schiphol wa Amsterdam, nchini Uholanzi, umejengwa juu ya lililokuwa ziwa. Waholanzi walilikausha katikati ya karne ya 19, na nchi ile ni tambarare kama meza. Mwaka 2003 ulifunguliwa mstari mpya wa kurukia, nao wakazi wa mji jirani wakaanza kusumbuliwa na ngurumo nzito iliyotambaa juu ya ardhi kila ndege ilipokuwa ikianza kukimbia. Kuta za kawaida za kuzuia sauti hazifai kwa ngurumo ya namna hiyo. Kisha ikaonekana jambo la ajabu: kila mwaka baada ya wakulima kulima mashamba yao, ngurumo ilipungua. Matuta na mifereji ya jembe yalikuwa yakiivunja sauti na kuitawanya. Wataalamu wakajifunza kwa mkulima. Wakajenga bustani ya umma iitwayo Buitenschot, yenye matuta marefu takriban 150, umbali wa tuta na tuta ukipimwa kulingana na urefu wa mawimbi ya ngurumo. Ilifunguliwa mwaka 2013. Leo watu hupumzika humo kati ya matuta, na nyumba zilizo nyuma yake zimepata nafuu.

Mmatengo anaposikia habari hizo, lazima moyo wake uchangamke, kwa kuwa sisi ni watu wa ngoro. Babu zetu waliishi kwenye miteremko mikali, katika nchi ambayo mvua moja kubwa ingeweza kuupeleka udongo wote bondeni. Hawakungoja udongo uishe ndipo waanze kulaumiana. Walifyeka majani, wakayalaza kwa miraba mlima mzima, wakayafukia kwa udongo, na katikati yakabaki mashimo yanayoyakamata maji na kuyatuliza. Maharage na mahindi yamepokezana kwenye matuta yanayozunguka mashimo hayo kizazi baada ya kizazi. Babu zetu hawakuweza kuizuia mvua, wala hawakutaka kuizuia, maana waliihitaji. Walichokifanya ni kuiandaa ardhi ili mvua inapofika ilete uhai bila kuleta uharibifu.

Hivyo ndivyo ninavyoomba tuipokee ndege. Sisemi tuchimbe ngoro kuzunguka uwanja wa Songea. Nasema tuchukue hekima yake: kuipanga ardhi kabla ya kilicho na nguvu kufika.

Hakuna ninachokipinga katika usafiri wa anga. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam kwa basi ni safari ya siku nzima na zaidi, na nimewasindikiza wagonjwa ambao mwili wao haukustahili safari hiyo. Uwanja wa Songea ulipokarabatiwa na ndege za abiria kurejea, tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini neema huja na wajibu wake. Tumeshaona lami ilivyofanya. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ilipowekewa lami, viwanja vya kando yake vilianza kutafutwa kuliko vyote, na wengi wakajenga karibu kabisa na magurudumu. Waulizeni wanaoishi kando ya njia ya malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka usiku wao ukoje. Uwanja wa ndege nao huvuta watu: kuna ajira, kuna biashara, kuna umeme. Tusipopanga, wajukuu wetu watasoma kama yule mtoto wa Kiwalani, sentensi nusu nusu.

Nawapa kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukitumia. Ndege inapokuja kutua kwa mteremko wa kawaida, ikiwa imebakiza kilomita mbili kufika mwanzo wa njia yake, huwa juu kwa takriban mita 120 tu, yaani urefu wa uwanja wa mpira na ziada kidogo. Mahali hapo ndipo panapotumika kimataifa kupimia kelele za ndege inayotua. Kelele za ndege iliyoruka hupimwa kilomita sita na nusu kutoka mahali ilipoanza kukimbia. Basi, mtu akikuuzia kiwanja katika mstari huo, mbele au nyuma ya uwanja, usitazame bei peke yake. Tazama juu.

Kwa hiyo nina maombi manne.

Kwanza, kwa halmashauri zetu. Ardhi iliyo katika miisho ya njia za kurukia itengwe mapema, na itengwe kwa matumizi yasiyodhurika na kelele: mashamba, misitu ya mbao, maghala ya kahawa na mahindi, karakana. Shule, zahanati na nyumba za kulala ziwekwe pembeni. Sheria ya Mipango Miji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, zote za mwaka 2007, zinawapa nguvu hizo. Kutenga shamba la mtu bila kumlipa ni dhuluma; lakini kumlipa leo kwa shamba tupu ni rahisi kuliko kuwalipa kesho watu mia kwa nyumba mia.

Pili, kwa wenye madaraka juu ya viwanja. Kelele zipimwe, na ramani yake ibandikwe katika ofisi za mitaa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Anayenunua kiwanja ana haki ya kujua kitakachopita juu yake. Na maadamu safari za Songea bado ni chache, ndio wakati wa kukubaliana kwamba usiku ubaki usiku, isipokuwa kwa dharura ya mgonjwa au maafa.

Tatu, kwa sisi wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Mara nyingi mkutano huo huitishwa nasi hatuendi, au twaenda tukaulizia fidia ya migomba peke yake. Siku ikifika ya kujadili uwanja wowote katika wilaya zetu, wa Mbinga au wa Nyasa, tuulize pia: ndege zitapita juu ya shule gani? Zitapita saa ngapi? Ndugu zetu wa ufukweni waulize kwa makini zaidi, kwa kuwa jioni hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko iliyo juu yake, na sauti, badala ya kupotelea angani, huinamishwa na kusafiri mbali juu ya ziwa. Wavuvi wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Husikia mashine ya mtumbwi muda mrefu kabla ya kuuona.

Nne, kwa wanasiasa. Miaka ya uchaguzi helikopta hutua kwenye viwanja vya shule, na darasa zima hutoka mbio pamoja na mwalimu wake. Watoto hufurahi, sikatai. Lakini mtu anayekuja kutuomba kura ili aboreshe elimu asianze kwa kulivunja somo la hisabati. Atue mbali kidogo, atembee.

Nikifika hapa dhamiri yangu inanigusa. Siwezi kuizungumzia boriti iliyo katika jicho la wenye ndege nikasahau iliyo katika langu. Sisi wa dini tuna vipaza sauti. Tunakesha, tunaimba, na sauti huwafikia wagonjwa, watoto wachanga na wale ambao si wa imani yetu, hadi usiku wa manane. Mama mmoja mzee, jirani wa kanisa, aliwahi kuniambia kwa heshima zote: “Padre, mkesha wenu ulikuwa mzuri, hata mimi niliusikia wote nikiwa kitandani.” Nilicheka, kisha nikaona aibu. Tangu siku ile spika zetu zimegeuzwa zitazame ndani, na saa nne usiku zinazimwa. Wanakwaya walinung’unika majuma mawili. Sasa wanasema hata sauti zao wanazisikia vizuri zaidi. Serikali imeweka kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, na kanuni hizo hazibagui kati ya baa, mashine ya kusaga, karakana na nyumba ya ibada. Tukizitii sisi tulio wadogo, tutakuwa na uso wa kumwambia mkubwa naye azitii.

Najua kuna atakayesema: Padre, watu hawana maji, nawe unazungumzia kelele. Namjibu kwamba maji yanaletwa kwa jasho na fedha nyingi, na ni lazima tuyatafute. Utulivu tunao tayari. Ni mali ambayo nchi nyingine zinalipa fedha nyingi mno kuirudisha, kwa madirisha ya vioo viwili, kwa kuhamisha viwanja, kwa kujenga matuta. Sisi tunatakiwa tu kutoipoteza. Maskini asiyejua kwamba ana mali ndiye anayenyang’anywa kwa urahisi zaidi.

Mtoto wa Kiwalani sasa yuko sekondari. Nilipozungumza naye kwa simu hivi karibuni, katikati ya maongezi alinyamaza, nami nikajua sababu. Nikangoja pamoja naye. Ilipopita akasema, “Shikamoo tena, baba mdogo,” tukacheka. Naomba watoto wa Ruvuma, siku ndege zitakapokuwa nyingi juu yao kama tunavyotamani ziwe, waweze kuimaliza sentensi yao bila kungoja.

Nawatakieni juma lenye amani na utulivu. Mungu awabariki, na tuombeane.

Padre wenu.